Nyangwe: Kijiji cha Soko katika Historia ya Kiswahili cha Maniema

Msomaji wa historia ya Kongo hukutana na jina la Nyangwe katika safari za wageni: Livingstone alifika hapo mwaka 1871, Cameron mwaka 1874, Stanley mwaka 1876. Leo hii Nyangwe ni kijiji kidogo cha eneo la Kasongo, mkoani Maniema, kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kiini cha maisha yake kilikuwa soko la wenyeji, na kwamba historia ya soko hilo haitengani na ile ya Kiswahili chetu.

Wafanyabiashara wa pwani, waliotafuta pembe za ndovu na watumwa, walijenga kituo chao hapo yapata mwaka 1860. Lakini uhai wa soko ulitoka kwa wanawake wa pande zote mbili za mto, walioleta samaki, chumvi, vyungu, kuku na mafuta ya mawese. Livingstone aliandika kwamba, kwa desturi, mwanamke aendaye sokoni hakuguswa hata wanaume walipokuwa vitani. Soko, basi, lilikuwa pia sheria ya ujirani.

Sheria hiyo ilivunjwa tarehe 15 Julai 1871. Baada ya ugomvi juu ya bei ya kuku, watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliufyatulia risasi umati wa watu wapatao 1,500. Wengi walizama wakikimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Kisha, Machi 1893, jeshi la Dola Huru la Kongo likiongozwa na Dhanis liliuteka mji. Hinde, daktari wa jeshi hilo, aliandika kwamba mji wa watu kama 30,000 ulibaki nyumba moja kubwa yenye ngome na kambi ya askari.

Misafara ilipokwisha, Kiswahili kilibaki. Sababu ni kwamba wengi waliokisema hawakuwa watu wa pwani, bali wenyeji wa Maniema: wapagazi, askari, wake na watumwa. Neno «mwungwana», ambalo pwani lilimaanisha mtu huru, huku likaja kumtaja hata aliyetekwa utotoni na kulelewa misafarani. Ndipo lilipotoka jina la Kingwana. Walionyimwa uhuru walijitwalia jina la walio huru, pamoja na lugha yao.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Anayekitafiti Maniema asiishie, basi, kwenye maandishi ya wasafiri. Awasikilize pia wanawake wazee wa vijiji vya Lualaba: majina ya vipimo, ya samaki na ya siku za soko yanahifadhi sehemu ya historia ambayo wageni hawakuiandika.