Traktopele Iliyokwisha Kutumika: Ikague Kabla ya Kulipa

Ndugu mfanyakazi, kusawazisha kiwanja cha mlimani kwa jembe na beleshi ni kazi ya majuma mengi. Pengine wewe na ndugu zako mnafikiri kununua pamoja traktopele ya zamani, ile mashini yenye koleo kubwa mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Ni shauri jema. Lakini kumbuka: mgodini kuna mkubwa wa usalama anayeweza kusimamisha kazi. Kwenye kiwanja chako mkubwa huyo ni wewe.

Kabla ya kulipa:

1. Fika asubuhi, motere ikiwa baridi, uone inavyowaka. Moshi wa buluu usiokwisha maana yake motere inakula mafuta yake. Ukiona mafuta ndani ya maji ya kupoza, rudi nyumbani na pesa zako.

2. Telemsha miguu ya kando mpaka magurudumu ya nyuma yanyanyuke, kisha ngoja. Miguu ikilegea upesi, usinunue. Penye mtelemko mashini hiyo itapinduka.

3. Jaribu freni, pamoja na ile ya mkono. Katika milima ya Masisi, freni mbovu ni kifo.

4. Tikisa mkono wa kuchimba. Ukichezacheza sana, pini na bushi zimekwisha.

Baada ya kununua, pima mafuta na maji kila siku, utie grisi kwenye pini zote. Kule Walikale mvua na matope huondoa grisi upesi. Safisha kwanza, ndipo utie. Badili mafuta ya motere kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha mashini; kwa nyingi ni kila saa 250. Chuja mazuti, kwani maji yaliyo ndani ya dumu huharibu pompi.

Usitafute kwa kidole mahali mpira wa hidroliki unapovuja. Mafuta hayo hutoboa ngozi. Tumia kipande cha karatoni. Yakiingia mwilini, kimbilia hospitali saa ileile, hata kidonda kikiwa kidogo kama cha sindano. Ukichelewa, unaweza kukatwa mkono.

Usiingie kamwe chini ya koleo lililoinuliwa bila kuwekewa nguzo ya chuma. Tena, usikate mlima wima nyuma ya nyumba. Kata kwa ngazi, uchimbe mfereji wa maji juu yake. La sivyo, mvua kubwa ya usiku itaushusha udongo juu ya watoto waliolala.

Ndugu, usalama uliojifunza kazini, uuchukue mpaka nyumbani.