Habari za Sayansi ni Amana: Nani Atazifikisha Kwetu?

Kisiwani Pemba, bahari ikibadilika, mabadiliko hayo huonekana kwanza jikoni. Mwani ukioza, ada ya skuli hukosekana. Samaki wakipungua, baba hurudi pwani na kapu jepesi, na mama hulazimika kupima unga mara mbili kabla ya kuusonga. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maelezo ya kitaalamu kuhusu mabadiliko hayo huandikwa mbali na kwetu, kwa lugha ambayo wavuvi na wakulima wetu wengi hawaisomi. Anayeathirika ndiye huwa wa mwisho kuelezwa.

Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema wiki hii kuitazama kazi ya mwandishi wa habari za sayansi, hususan yule anayejitegemea, ambaye hana mshahara wa mwezi na hulipwa kwa makala anayoiuza. Mtu huyu huwa baina ya maabara na pwani. Humuuliza mtafiti amepima nini na kwa njia gani, akamuuliza mkulima ameona nini kwa macho yake, kisha akalinganisha kauli hizo kabla ya kuandika. Kwa Waislamu kazi hii si ngeni. Surat al-Hujurat imetufundisha kuithibitisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Mwani na joto la maji

Tuanze na mwani, kwa kuwa unagusa nyumba nyingi. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zenye asili ya Ufilipino. Tangu hapo Pemba imekuwa ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, na wakulima walio wengi ni wanawake. Aina mbili ndizo zinazojulikana: cottonii, yenye bei nzuri, na spinosum, yenye bei ya chini lakini inayostahimili zaidi.

Katika miaka iliyofuata, cottonii ilianza kufa katika maeneo mengi. Matawi yake huwa meupe, hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na maji. Mkulima asiyeelezwa sababu hutafuta sababu yake mwenyewe: mara ni husda ya jirani, mara ni mbegu mbovu aliyouziwa, mara ni bahati. Udugu huvunjika kwa dhana, na mwani unaendelea kuoza.

Watafiti walieleza jambo hili kwa njia nyingine. Mashamba yetu yako katika maji ya kina kifupi, na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana mchana, jua huyachemsha yale machache yaliyobaki. Yakizidi nyuzijoto 30 au zaidi kidogo, cottonii hudhoofika na maradhi huishambulia kwa urahisi. Miongoni mwa waliolifuatilia suala hili kwa muda mrefu ni Dkt. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja, ambayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na wenzake hawakuishia kueleza maradhi, bali walijaribu na dawa: kuuhamishia mwani katika maji ya kina kirefu yenye ubaridi, ukiwa ndani ya nyavu ndefu zilizoshonwa mfano wa mfuko wa bomba. Nyavu hizo huning'inizwa kwa maboya na nanga, na mwani uliomo ndani haukatwi na mawimbi kama ule uliofungwa kwa taitai kwenye kamba na mambo.

Hapa ndipo thamani ya mwandishi mzuri inapoonekana. Mwandishi mvivu ataandika kwamba teknolojia mpya imepatikana, akaondoka. Mwandishi makini atamuuliza mama wa pwani: je, wewe utaifikaje nyavu hiyo? Ndipo itakapobainika kwamba kina kirefu kinahitaji chombo, chombo kinahitaji fedha, na wanawake wengi wa pwani hawajafundishwa kuogelea. Kumbe ufumbuzi si nyavu peke yake, bali ni nyavu pamoja na mashua, mafunzo na usalama wa roho za watu. Habari ya namna hii humsaidia kiongozi kupanga na humsaidia mume kumuelewa mkewe.

Somo la Misali

Wapo wanaodhani kwamba habari za mazingira ni za wageni na mashirika yao. Kisiwa cha Misali, kilichopo magharibi ya Chake Chake, ni jibu tosha kwa dhana hiyo. Wazee wetu wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo, akaomba msala wa kusalia na usipatikane. Akasema kwamba kisiwa chenyewe kwa jinsi kilivyoelekea kibla kitakuwa mithili ya msala, na ndipo kikaitwa Misali. Wavuvi wengi wa Pemba wamekuwa wakipiga dago hapo, na kasa hupanda fukwe zake kutaga mayai.

Mwaka 1998 Serikali ilikitangaza kisiwa hicho na maji yake kuwa eneo la hifadhi. Lakini tangazo peke yake halikuwatosha waliozoea baruti na nyavu zilizokatazwa. Baruti huua samaki mkubwa na mchanga kwa pamoja, na huvunja matumbawe ambayo mengine hukua kwa kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Kilichobomolewa kwa sekunde moja huweza kuchukua miongo kadhaa kurudi.

Ndipo shirika la CARE likashirikiana na taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Birmingham, Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid. Maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi walikutanishwa, wakajadili kwa mwanga wa Qur'ani dhana ya ukhalifa wa mwanaadamu katika ardhi, makatazo ya israfu na ubaya wa kufanya ufisadi baharini na nchi kavu. Hatudai kwamba maovu yote yalikwisha siku ile. Lakini wapo waliozipuuza kanuni za serikali kisha wakaacha baruti baada ya kutambua kwamba wanamuasi Mola wao. Ujumbe wa mtaalamu wa bahari na ujumbe wa imamu ulikuwa mmoja. Tofauti ni kwamba huu wa pili ulisemwa kwa lugha ambayo moyo wa msikilizaji ulikuwa unaijua.

Habari za Misali ziliandikwa katika magazeti ya Marekani na Uingereza, na wasomaji wa huko wakazistaajabia. Swali letu ni hili: ni vijana wangapi wa Pemba leo wanaoijua kadhia hiyo?

Picha kutoka angani

Zama zimekwenda mbele. Kuanzia mwaka 2016, ndege ndogo zisizo na rubani ziliruka juu ya Unguja na Pemba katika mradi wa kuchora ramani mpya, uliowahusisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Picha zake ni za kina kiasi cha kuonesha nyumba, njia na miti mmoja mmoja. Vijana wetu wenyewe walifunzwa kuzirusha ndege hizo.

Picha kama hizo zikilinganishwa mwaka hadi mwaka, huweza kuonesha mikoko iliyokatwa, ufukwe ulioliwa na mabonde ya mpunga yaliyoingiliwa na maji ya chumvi. Lakini picha haisemi. Ikibaki ndani ya kompyuta, mkulima wa bondeni hatajua kwamba mikoko aliyoikata kwa kuni ndiyo iliyokuwa ikilizuia bonde lake lisiingiliwe na bahari. Anahitajika mtu wa kumfasiria.

Wajibu wetu

Tunawaomba wazazi wasione unyonge mtoto anayependa sayansi akipenda pia kuandika Kiswahili fasaha. Jamii inawahitaji watu wa aina hiyo. Tunawaomba walimu wa madrasa na makhatibu wawaalike wataalamu wa uvuvi, misitu na mwani, wawasikilize kabla ya khutba, kisha waifikishe elimu hiyo mimbarini. Na tunawaomba akina mama na vijana, kila inapowafikia habari ya bahari katika makundi ya WhatsApp, waulize mambo matatu kabla ya kuisambaza: nani amesema, amepima nini, na ni nani wa hapa kwetu aliyeulizwa.

Elimu ni amana, na amana hairudi kwa mwenyewe mpaka apatikane wa kuibeba. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuifikisha. Wabillahi taufiq.