Vitesi ya mkono ao otomatiki: mabishano ya magari ya mbio yafika mpaka Mudzipela

Bunia – Mtaani Mudzipela, kama vile kwingine katika muji wa Bunia, mabishano juu ya magari hayaishi. Moja linarudi kila mara: shofa wa kweli ni yule anayepiga vitesi kwa mkono, ao hata yule anayeweka D na kukanyaga tu? Wale wa ambreyaje wanawacheka wale wa otomatiki, na wakitaka kumaliza maneno wanataja magari ya mbio. Eti hakuna bingwa anayekubali mashine imchagulie vitesi.

Hiyo si kweli, na ushahidi ulionekana hapa hapa Afrika.

Mwaka wa 1979 Mercedes ilipeleka kwenye Safari Rally, nchini Kenya, gari kubwa 450 SLC yenye injini ya lita 5 na buati otomatiki ya vitesi 3. Safari haikuwa mchezo. Ilianza mwaka wa 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilikuwa maelfu ya kilometa za mavumbi, matope na mashimo, barabara ambazo mkaaji wa Ituri angezitambua mara moja. Hannu Mikkola wa Finland alimaliza wa pili na Mercedes yake. Mbele yake alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekimbilia bendera ya Kenya, ndani ya Datsun 160J ya vitesi ya mkono. Wapenzi wa ambreyaje wanaweza kufurahi, lakini wangoje kidogo: mwisho wa mwaka ule ule, katika mbio ya Bandama huko Côte d'Ivoire, Mikkola alishinda, na Mercedes zikachukua nafasi zote 4 za kwanza. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza gari otomatiki kushinda mbio ya ubingwa wa dunia wa rally.

Sababu si uchawi. Katika buati ya namna ile, nguvu ya injini inapita kwanza ndani ya mafuta mbele ya kufika kwenye magurudumu, na mafuta yanapunguza mshtuko gari ikiruka shimoni. Tena shofa anabaki na mikono yote miwili kwenye volani.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka wa 1989, huko Brazil, Nigel Mansell alishinda mbio ya Formula 1 na Ferrari iliyobadilisha vitesi kwa vidude vidogo nyuma ya volani. Leo mashine inabadilisha haraka kupita mkono wowote wa mtu, na Ferrari mpya za fimbo na ambreyaje haziuzwi tena. Porsche bado inatoa 911 GT3 ya vitesi ya mkono, lakini ni kwa sababu wanunuzi wanapenda utamu wake. Haiendi mbio zaidi.

Hata hivyo, jambo moja lingefaa kujulikana katika garaje zetu. Magari makubwa ya rally ya dunia yaliyoanza kutumika mwaka wa 2022 yalirudishiwa fimbo ya kuvuta kwa mkono, kusudi gharama zipungue. Hata kule kwenye mamilioni, pesa ina sauti.

Huku kwetu pesa ndiyo inasema karibu yote. Magari mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, yanapita bandari ya Mombasa na Uganda, na mengi kati yake, Vitz, Ist, RAV4, ni otomatiki. Katika muji ni raha tupu. Taabu inaanza siku buati inakufa. Ambreyaje iliyoisha, fundi wa mtaa ataibadilisha chini ya muembe. Buati otomatiki inaomba mtu aliyejifunza kazi hiyo, na mafuta ya aina yake hasa. Ukitia mafuta ya aina ingine ili kuokoa franka kidogo, unaweza kuiua kabisa. Batri ikizima, vijana wa mtaa hawawezi kukusukuma gari iwake, wakati ile ya mkono inawaka. Na kuivuta kwa kamba, magurudumu yenye kusukuma gari yakiwa chini, ni kuharibu buati.

Kwenye barabara ya taifa namba 27, kati ya Bunia na Mahagi, ambako watu wenye silaha wamevamia wasafiri mara nyingi, gari iliyokwama si hasara ya pesa peke yake.

Kuna pia swala la kazi. Land Cruiser nyingi za mashirika, na malori, bado ni za vitesi ya mkono. Kijana aliyejifunzia Vitz tu anafika kwenye majaribio ya kazi akiwa na permi mfukoni na gari inamzimikia. Kwa maoni yetu, anayelipia masomo ya kuendesha aombe afundishwe kwanza ambreyaje. Kutoka hapo kwenda otomatiki ni jambo la siku moja. Kurudi nyuma ni kazi.

Na mwenye otomatiki asiamini kwamba D inatosha kila mahali. Baada ya Bogoro, barabara ya Kasenyi inateremka mpaka Ziwa Albert, lililo mita kama 620 tu juu ya bahari, wakati Bunia iko juu ya mita 1.200. Ukiteremka na D mguu ukiwa kwenye freni muda wote, freni zinapata moto na zinaweza kukuacha. Weka L ao 2 ungali juu, injini ishike gari. Na usiweke N kamwe ili kuokoa mafuta.