Kweli au Si Kweli: Makro na Kazi ya Kuunganisha Mafaili ya Excel

Kila mwisho wa mwezi, katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, yupo mtu aliyebaki na mafaili mengi ya Excel na kazi moja: kuyafanya yawe faili moja. Ni mhasibu wa SACCOS anayesubiri marejesho ya mikopo kutoka matawini, mwalimu wa taaluma anayekusanya alama za madarasa, au afisa wa wilaya anayejumlisha taarifa za kata. Wengi hufungua faili moja baada ya jingine, wakakopi, wakapesti, wakarudia hivyo hivyo mpaka usiku.

Makro, yaani maagizo yanayoandikwa mara moja ili Excel iyatekeleze yenyewe kila yanapohitajika, huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Lakini yanayosemwa juu yake mara nyingi huwatisha watu bure au huwapa imani isiyostahili. Tupime madai manane.

Dai la 1: "Makro ni mambo ya watu wa IT."

SI KWELI. Lugha ya makro, VBA, imo ndani ya Excel tangu toleo la 5 la mwaka 1993. Anayetumia Excel ya kompyuta tayari anayo. Na hatua za kuunganisha mafaili kila karani anazijua kwa mikono yake: tazama folda, fungua faili la kwanza, chukua mistari yenye data, ibandike chini ya mstari wa mwisho wa faili kuu, funga, nenda kwenye faili linalofuata mpaka yaishe. Msimbo wa kazi hiyo hauhitaji kuzidi ukurasa mmoja.

Anayejua tawi lipi huchelewesha taarifa na safu ipi hujazwa ovyo yuko karibu na makro nzuri kuliko fundi wa kompyuta asiyejua takwimu hizo zina maana gani. Kuandika msimbo kunafundishika. Kuijua kazi ya ofisi kwa undani ndiko kunakochukua miaka, na huyo karani tayari anako.

Dai la 2: "Rekodi makro mara moja, mwezi ujao itafanya kazi yenyewe."

SI KWELI. Kitufe cha kurekodi makro ni mwalimu mzuri wa mwanzo, kwa sababu hukuonyesha Excel inavyoyaandika matendo yako. Lakini hurekodi ulichofanya siku ile, kama ulivyokifanya. Ukichagua data kuanzia A2 hadi H41, makro itachukua A2 hadi H41 milele. Mwezi ujao tawi likileta mistari 55 badala ya 40, mistari 15 ya mwisho itaachwa. Hakuna onyo litakalotokea.

Mpaka wa data uliokosewa umewahi kuwagharimu hata wasomi wakubwa. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa na wanasiasa wa nchi nyingi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alilipata faili lao na kugundua, pamoja na kasoro nyingine, kwamba fomula ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Ile ilikuwa fomula, si makro, lakini kosa ni la aina moja.

Kwa hiyo rekodi ili ujifunze, kisha rekebisha mambo mawili. Mosi, makro itafute mstari wa mwisho wenye data katika kila faili, kila mara. Pili, irudie kazi kwa kila faili lililomo kwenye folda, bila kutegemea majina uliyorekodi. Kurudia huko huandikwa kwa mkono, maana kitufe cha kurekodi hakina namna ya kukurekodia.

Dai la 3: "Makro ikimaliza bila kulalamika, data yote imeingia."

SI KWELI, na hili ndilo dai lenye madhara kuliko yote.

Mwaka 2020, maambukizi ya UVIKO-19 yakipanda tena Uingereza, maabara zilikuwa zikituma majibu ya vipimo kwa mafaili ya CSV, yaani maandishi matupu yenye data iliyotenganishwa kwa mkato. Mfumo wa Public Health England, wakala wa afya ya umma, uliyavuta wenyewe na kuyaingiza katika kiolezo cha Excel cha muundo wa zamani, XLS, ambao shiti yake haipokei zaidi ya mistari 65,536. Kila kisa kilichukua mistari kadhaa, hivyo kiolezo kilijaa baada ya visa vipatavyo 1,400. Vilivyozidi hapo viliachwa nje, na hakuna aliyeambiwa. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, visa 15,841 havikuonekana katika takwimu za kila siku. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini waliokutana nao walichelewa kutafutwa, katika siku ambazo kila saa ilikuwa na thamani.

Muundo wa XLSX, uliokuja na Excel 2007, unabeba mistari 1,048,576. Ofisi yoyote ambayo bado inaunganisha data kwenye XLS ihame leo. Hata hivyo, shiti kubwa zaidi isingetosha kutibu tatizo lile, kwa kuwa tatizo lilikuwa kukosa hesabu ya ukaguzi: waliotumwa ni wangapi, na walioingia ni wangapi?

Katika ofisi zetu hatari hiyo huingia kwa mlango mwingine. Misimbo mingi inayosambazwa kutoka mkono hadi mkono ina mstari usemao *On Error Resume Next*. Mstari huo huiamuru Excel ipuuze kosa lolote na kuendelea. Faili la tawi likigoma kufunguka kwa sababu lina nenosiri, makro italiruka na kukuletea jumla inayopendeza macho. Mkubwa wako ataisaini, na tawi zima litakuwa halimo.

Tiba ni shiti ya ukaguzi inayojazwa na makro yenyewe: jina la kila faili, idadi ya mistari iliyosomwa, idadi iliyoandikwa, na jumla ya fedha au alama. Kama matawi ni 12 na mafaili yaliyopatikana ni 11, makro iseme ni lipi halipo na isimame hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Shiti hiyo ndiyo daftari, na faili kuu lisitumwe popote kabla hesabu zake hazijalingana.

Dai la 4: "Namba ni namba, hubaki zilivyo popote zinapohamishiwa."

SI KWELI. Excel hukisia aina ya kila data inayoingia, na makisio yake hayakutengenezwa kwa ajili ya namba zetu.

Namba ya simu inayoanza na 07 ikisomwa kama namba ya hesabu hupoteza sifuri ya mbele. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, ilhali Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Kuanzia ya 16 zote hugeuka sifuri. Ikiandikwa na vistari vyake husalimika, kwa kuwa Excel huiona kama maandishi. Ikiandikwa bila vistari, watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kujikuta na namba moja, na hakuna fomula itakayozirudisha tarakimu zilizopotea.

Tarehe ni mtego mwingine. Makro inapofungua faili la CSV bila maelekezo zaidi, husoma tarehe kwa utaratibu wa Marekani, mwezi kwanza. Tawi likiandika 03/04/2025 likimaanisha tarehe 3 Aprili, faili kuu litapokea tarehe 4 Machi. Ile ya 25/04/2025 itabaki kama maandishi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Matokeo yake ni safu moja yenye tarehe sahihi, tarehe za uongo na maandishi matupu.

Wanasayansi wameonja shida hii kiasi cha kubadili majina. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa miongozo mipya, na jeni zilizokuwa zikiitwa SEPT1 na MARCH1, ambazo Excel ilizigeuza tarehe, sasa zinaitwa SEPTIN1 na MARCHF1.

Sisi hatuna haja ya kubadili namba za NIDA. Makro izipe safu za simu na vitambulisho muundo wa maandishi kabla ya kuandika chochote ndani yake. Kwa CSV, agizo la kufungua faili liongezewe *Local:=True* ili mpangilio wa tarehe wa kompyuta yako ufuatwe. Na kila tawi likubali kuandika tarehe kwa namna isiyo na utata, kama 2025-04-03.

Dai la 5: "Mafaili yote lazima yawe na mpangilio mmoja."

KWELI, na hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa kabla msimbo haujaandikwa. Tawi moja likihamisha safu ya "Kiasi" na kuiweka penye "Simu", makro rahisi itaingiza fedha mahali pa simu bila kusita. Tawi jingine likiweka mstari wa JUMLA chini ya data, mstari huo utachukuliwa kama mteja, na jumla ya tawi hilo itahesabiwa mara mbili. Visanduku vilivyounganishwa ili vichwa vya habari vipendeze huvuruga usomaji pia.

Tengenezeni kiolezo kimoja: vichwa vya safu katika mstari wa kwanza, hakuna mstari wa jumla, hakuna visanduku vilivyounganishwa, na majina ya matawi yachaguliwe kutoka orodha badala ya kuandikwa kwa mkono. Kisha makro ilinganishe vichwa vya kila faili na vya kiolezo, na ilikatae faili lisilolingana huku ikilitaja kwa jina. Mkutano mmoja wa wakuu wa matawi kuhusu kiolezo huokoa kazi kuliko msimbo wowote wa kijanja.

Dai la 6: "Makro huleta virusi."

KWELI KWA SEHEMU. Makro ni programu, na programu inaweza kudhuru. Mwaka 1999 virusi vya Melissa, vilivyojificha ndani ya makro ya Word, vilienea duniani kwa barua pepe. Ndiyo sababu tangu mwaka 2022 Microsoft huzizuia makro za mafaili yaliyotoka mtandaoni mpaka mtumiaji mwenyewe aondoe kizuizi. Usiondoe kizuizi hicho kwa faili usilojua limetoka wapi, hata kama anayekutumia ni rafiki.

Ipo njia salama. Faili la XLSX haliwezi kuhifadhi makro ya VBA. Linaloweza kuibeba ni la aina nyingine, kama XLSM. Basi matawi yatume XLSX au CSV tu, na makro ikae kwenye faili moja la XLSM ndani ya kompyuta yako. Tena iamuru makro yako isome aina hizo mbili peke yake, kwa kuwa makro inayofungua mafaili mengine inaweza kuziruhusu makro zilizomo humo zifanye kazi bila kukuuliza.

Dai la 7: "Ikiharibika, nitabonyeza Ctrl+Z."

SI KWELI. Makro inapobadilisha shiti, historia ya kurudi nyuma hufutwa. Kwa hiyo ifungue mafaili ya matawi kwa kusoma tu, ihifadhi nakala ya faili kuu kabla ya kuanza, na ifute data ya zamani katika shiti ya kuunganishia kabla ya kuandika mpya. Bila hatua hiyo ya mwisho, anayebonyeza kitufe mara mbili hupata kila mkopo mara mbili.

Dai la 8: "Hakuna njia nyingine ila makro."

SI KWELI. Tangu Excel 2016, Power Query imo ndani ya programu: kwenye menyu ya Data unachagua kupata data kutoka kwenye folda, unaielekeza mara moja, na mwezi ujao unabonyeza kitufe cha kuonyesha upya. Kwa mafaili yenye mpangilio mmoja, anza na hiyo. LibreOffice, ambayo ni ya bure, ina lugha yake ya makro, na Google Sheets hutumia Apps Script. Anayetegemea simu ajue kwamba makro za VBA hazifanyi kazi kwenye Excel ya simu.

Makro hubaki na nafasi yake pale ambapo kuunganisha ni mwanzo tu wa kazi: kukagua vichwa, kuliambia tawi limekosea wapi, kutoa taarifa ya kila kata kwa faili lake.

Njia yoyote utakayochagua, deni lako ni lile lile. Mwanachama wa SACCOS aliyelipa rejesho lake anastahili lionekane, na mwanafunzi aliyefanya mtihani anastahili alama yake ihesabiwe. Kompyuta haijui kwamba amekosekana mtu. Makro ikikupunguzia saa nne za kukopi na kupesti, tumia moja kati ya hizo kulinganisha hesabu za faili kuu na za kila tawi, na usitume taarifa mpaka tofauti iwe sifuri.