Fedha za wanasayansi vijana zinalipia nini?

Wasomaji wameuliza sana: kwa nini wafadhili wawape wanasayansi vijana fedha za kuanzisha kampuni, wakati zahanati zinaishiwa dawa? Wengine wanauliza kama kweli malaria inaweza kupimwa bila kutoa damu. Maswali yote mawili yanajibiwa na kisa kimoja cha Uganda.

Mwaka 2018, Brian Gitta, akiwa na miaka 24, alishinda pauni 25,000 za Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Yeye na wenzake walikuwa wakikifanyia majaribio Matibabu, kifaa cha kubana kidoleni kinachotafuta malaria kwa mwanga na sumaku.

Sumaku inaingiaje hapo? Kimelea cha malaria hula himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu. Mlo huo huacha himu, yenye madini ya chuma, ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Ili kisife, kimelea huigandisha himu kuwa fuwele ndogo za rangi ya kahawia, himozoini. Chembechembe hizo ndizo zilizomvutia daktari Alphonse Laveran alipogundua kimelea hicho nchini Algeria mwaka 1880. Dawa ya klorokwini nayo ilifanya kazi kwa kuzuia ugandishaji huo, kimelea kikafa kwa sumu ya chakula chake. Sasa, chuma kilicho ndani ya fuwele huitikia sumaku, ilhali himoglobini iliyobeba oksijeni haivutwi. Fuwele zikisogezewa sumaku hujipanga, na mwanga unaopita kidoleni hubadilika.

Hata hivyo, wazo zuri haliwi kipimo hivi hivi. Kimelea kichanga kina fuwele chache mno. Vimelea vilivyokomaa vya aina ya falsiparamu, vyenye fuwele nyingi, hujishikiza kwenye mishipa midogo ya viungo vya ndani. Aliyekwisha kupona naye anaweza kubaki na fuwele ndani ya chembe nyeupe. Kifaa kinaweza kumkosa mgonjwa na kumtaja mzima kuwa mgonjwa. Ili kujua kinakosea mara ngapi, lazima kilinganishwe na hadubini kwa wagonjwa wengi, kwa kibali cha kamati ya maadili na chini ya macho ya mamlaka za udhibiti. Ni miaka ya gharama bila mauzo, na ni vigumu kupata benki itakayokopesha kwa kazi hiyo. Hapo ndipo ruzuku inapohitajika.

Hatua hiyo ya majaribio ndiyo wanayoiruka wenye mashine za "kupima mwili mzima". Unashikishwa chuma, kompyuta inataja figo, ini na moyo, kisha mezani hapo hapo unauziwa virutubisho. Wanatamka "sumaku" kana kwamba neno hilo ni ushahidi. Ni utapeli, na unawachelewesha wagonjwa. Waulize: kifaa chao kimelinganishwa na nini, kwa wagonjwa wangapi, na nani amekiidhinisha?

Na sisi wagonjwa tuache kung'ang'ania "malaria iliyojificha" kila kipimo kinapoonyesha hakuna. Homa ikianza, pima siku hiyo kwa kipimo cha haraka au hadubini. Ukikutwa na malaria, maliza dozi ya dawa mseto. Usipokutwa nayo, mhudumu atafute chanzo kingine.

Kwa wafadhili na serikali: lipieni majaribio kabla ya kulipia matangazo. Kampuni ikifungwa kwa sababu majaribio yameonyesha kifaa hakifai, fedha hazikupotea, maana wagonjwa wameepushwa na kipimo kibovu.