Kabla ya Kuitupa Rilei

Katika miji ya Butembo na Beni, Kivu Kaskazini, ambako nyumba na maduka mengi hutegemea paneli za sola na betri za volti 12, saketi ndogo za kuwasha na kuzima hujengwa kwa transista, ambayo pengine imechomolewa kwenye redio mbovu. Transista ya aina ya NPN ina miguu mitatu, yaani besi, kolekta na emita. Mkondo mdogo unaoingia kwenye besi huruhusu mkondo mkubwa kupita kutoka kolekta hadi emita, na uwiano wa mikondo hiyo miwili huitwa kikuzo.

Mfano ni rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, yenye koili ya omu 120, iliyounganishwa kati ya chanya ya betri na kolekta ya transista ya NPN iitwayo BC337, emita ikiwa kwenye hasi na besi ikipata umeme wa betri hiyohiyo kupitia rezista ya kiloomu 22. Kwa kuwa kati ya besi na emita huwa na takriban volti 0.7, rezista hubeba volti 11.3, na mkondo wa besi huwa miliampia 0.51. Kikuzo kikiwa 100, kolekta hupitisha miliampia 51 tu. Koili hupata volti 6.2, nyingine 5.8 hubaki kwenye transista, ambayo huchemka kwa wati 0.3 ilhali rilei haivuti.

Hapo rilei nzima huweza kutupwa bure. BC337 nyingine yenye kikuzo cha 250, ikichomekwa palepale, ingeweza kupitisha miliampia 128, lakini koili haipitishi zaidi ya 98 hivi. Kwa hiyo volti ya kolekta huporomoka hadi karibu 0.2, na rilei hulia "ta!" Transista hiyo imeshiba: kuiongezea mkondo wa besi hakuongezi tena ule wa kolekta. Kwa kuwa kikuzo cha BC337 huanzia 100 hadi 630, saketi inayokitegemea ni ya kubahatisha.

Dawa ni kuipa besi sehemu ya kumi ya mkondo wa kolekta, yaani miliampia 10 hivi, na volti 11.3 zikigawanywa kwa mkondo huo hupatikana omu 1,130. Rezista ya kiloomu 1 yenye uwezo wa robo wati yatosha. Dayodi nayo isisahaulike sambamba na koili, ikielekezwa kinyume, kwani koili ikikatiwa umeme ghafla hurusha volti nyingi zinazoweza kuiua transista.

Rilei isipovuta, multimita iwekwe ncha nyeusi kwenye emita na nyekundu kwenye kolekta: ikisoma volti 0.2, kosa litafutwe kwenye rilei. Ikisoma 6, kwenye rezista ya besi. Ikisoma 12, besi haipati mkondo au transista imekatika ndani.