Wafu Wanaandikwa wa Nini?

Njooni, wapwa zangu. Kaeni hapa barazani, upepo unapita vizuri. Hamisi, mwache paka na mkia wake.

Jana mama yenu alirudi na cheti cha kifo cha babu. Zuhura akakisoma chote, kuanzia juu mpaka kwenye muhuri. Halafu akanijia na uso wa mashaka. "Mjomba, babu ameshakufa. Hawezi kusoma. Sasa wanamwandika wa nini?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Swali zuri mno! Watu wazima hukunja karatasi hiyo, wakaitia mkobani, basi. Wewe umeuliza. Kwa swali hilo nakulipa hadithi, tena ya kweli. Ilitokea Uingereza, katika mji wa London, mwaka 1854, Malkia Victoria akiwa kwenye kiti chake.

London ya siku hizo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Katikati yake palikuwa na mtaa wa Soho. Nyumba zilibanana kama meno, na chumba kimoja kiliweza kulaza familia nzima. Kipande kimoja cha mtaa kiliitwa Golden Square, yaani uwanja wa dhahabu. Jina la dhahabu, wapwa zangu, na chini ya nyumba mashimo ya choo!

"Maji walipata wapi, Mjomba?"

Wengi walichota kwenye pampu za barabarani. Unashika mpini, unapiga juu, unapiga chini, maji yanatoka kisimani. Pampu iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya Broad Street. Maji yake yalikuwa baridi, tena matamu. Watu walizipita pampu za karibu wakaenda kuchota Broad Street. Ninyi je, hamuwezi kupita maduka mawili kufuata maandazi ya bibi yule wa kona? Ndiyo hivyo hivyo.

Sasa nataka mumsikie mwenye hadithi. Si mtu. Ni kitabu kikubwa, kizito, chenye harufu ya wino. Kiacheni kiseme.

"Mimi ni Daftari la Vifo. Kazi nilianza tarehe 1 Julai 1837, Uingereza na Wales. Mtu akifa, aliyekuwa naye huja kwa msajili. Msajili huchovya kalamu, nami nauliza yale yale. Nani? Wa umri gani? Wa nyumba ipi? Amekufa na nini? Akifa tajiri, nauliza hayo. Akifa mfua nguo, hayo hayo. Mtoto wa wiki moja ana mstari wake, na mheshimiwa ana mstari wake. Kwangu hakuna wa mistari miwili."

Ofisi kuu ya madaftari hayo ilikuwa na mtu aitwaye William Farr. Aliingia mwaka 1839. Mmemwona bibi akichagua mchele kwenye ungo? Mchele huku, chuya huku, mawe huku. Farr alichagua vifo namna hiyo. Kifua huku, homa huku, kuhara huku. Kisha ikachapishwa taarifa ya London nzima, wiki baada ya wiki. Hivyo mtu aliweza kuona mtaa gani umezidiwa, na umezidiwa na nini.

Lakini hata Farr, na ujuzi wake wote, aliamini kwamba kipindupindu kinaletwa na hewa mbaya. Karibu wakubwa wote waliamini hivyo. Msiwacheke. Kinachonuka huwa kibaya, nani asingefikiri hivyo?

Basi. Usiku wa Alhamisi, tarehe 31 Agosti 1854, kipindupindu kiliingia Soho kama mwizi mwenye funguo. Kipindupindu ni nini? Fikirini mtungi uliotoboka chini. Unajaza, unavuja. Maji ya mwili hutoka kwa kuhara na kutapika, mpaka mtungi unakauka. Mtu alikuwa mzima asubuhi, jioni akafa. Ndani ya siku 10, pale tu jirani na ile pampu, walikufa zaidi ya watu 500. Wenye pa kukimbilia walikimbia. Milango ikafungwa. Nalo Daftari likaandikwa na kuandikwa. Nani? Wa umri gani? Wa nyumba ipi? Amekufa na nini?

Mitaa michache kutoka hapo aliishi daktari John Snow, mtoto wa kibarua wa York. Alikuwa bingwa wa dawa ya usingizi. Mwaka mmoja kabla, alimpa Malkia mwenyewe dawa hiyo alipokuwa akijifungua. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa kwake na kunywa chai. Hakukaa. Yeye alikuwa na wazo ambalo wenzake walilikunjia pua: kipindupindu hakivutwi puani, kinanywewa.

Mnadhani alitegemea nini? Hadubini? Dawa? Alikwenda kwenye ofisi ya Daftari akaomba orodha. Humo akachagua vifo 83 vya kipindupindu, vya siku tatu za mwisho za wiki ile, vya Golden Square na vipande viwili vya jirani. Kila kifo kina nyumba yake. Akaichukua orodha, akaanza kutembea. Hodi! Hodi!

Tuseme ua wetu una mitungi mitatu, na watoto kumi wanaumwa tumbo. Ukiuliza kila mtoto, "Umekunywa mtungi upi?" na karibu wote wakakuonyesha wa kati, utamshuku nani?

"Mtungi wa kati!"

Sawasawa, Hamisi. Snow aliona karibu vifo vyote vimeizunguka pampu ya Broad Street. Vifo 10 tu vilikuwa kwenye nyumba zilizokuwa karibu na pampu nyingine. Akapiga hodi huko pia. Familia tano zikamwambia, "Sisi hutuma watu Broad Street, maji yake ni mazuri." Vitatu vingine vilikuwa vya watoto. Shule yao? Karibu na pampu ile ile.

Tena akauliza swali ambalo mimi nalipenda zaidi. Hakuuliza wa waliokufa peke yao. Aliuliza, nani yuko katikati ya moto na hakuungua? Palikuwa na nyumba kubwa ya maskini, yenye watu 535. Walikufa 5 tu. Kumbe ilikuwa na kisima chake. Palikuwa na kiwanda cha bia pale pale Broad Street, chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Kipindupindu hakikumwua hata mmoja. Walikuwa wakipewa bia, na maji ya pampu ile hawakuyagusa. Hapo nimesimulia tu, msimwambie mama yenu kwamba mjomba anasifu bia. Snow mwenyewe kwa miaka mingi hakuionja.

Na mbali kabisa, Hampstead, alikufa mjane mmoja. Huko kipindupindu hakikuwapo. Zamani alikaa Broad Street, akahama, lakini maji ya kule hakuyaacha. Kila siku mkokoteni ulimletea chupa. Akanywa, akafa. Mtoto wa ndugu yake alimtembelea, akanywa, akarudi kwake Islington, akafa. Hewa ya Soho ingewafuataje? Chupa iliwafuata.

Tarehe 7 Septemba, Snow aliwaendea wakuu wa mtaa na hoja zake. Kesho yake wakang'oa mpini wa pampu. Hawakuamini sana, lakini waling'oa.

"Watu wakapona!"

Polepole, Zuhura. Vitabu vingi huishia hapo kwa makofi. Kwa kweli ugonjwa ulikuwa umeanza kushuka, maana watu wengi walishakimbia. Snow mwenyewe alilikiri hilo. Wakubwa nao walibaki na hewa yao mbaya. Na hadithi ninayoipenda mimi ndiyo kwanza inaanza.

Palikuwa na kasisi kijana, hajafika miaka 30, jina lake Henry Whitehead. Wafu wale alikuwa akiwajua kwa sura. Yeye ndiye aliyekaa kando ya vitanda vyao. Aliposikia habari ya pampu hakuiamini. Akasema, huyu daktari amekosea, nami nitamwonyesha. Akarudi nyumba kwa nyumba, nyingine mara tatu, mara nne. Kila alipouliza, jibu lilimsukuma upande wa Snow. Na yeye akakubali kusukumwa. Hilo ni jambo gumu, wapwa zangu. Mimi limenishinda mara nyingi, muulizeni mama yenu.

Ila swali moja lilimkaa kooni. Kama maji yalichafuliwa, yalichafuliwa na nani? Yuko wapi mgonjwa wa kwanza, aliyeugua kabla ya wote?

Mwaka 1855, mambo yameshatulia, Whitehead alikuwa akiipekua ile taarifa ya wiki. Macho yake yakakwama kwenye mstari mmoja. Hapo Daftari linadai kusema lenyewe:

"Mstari huo ulikuwa hapo siku zote. Broad Street, nyumba nambari 40. Tarehe 2 Septemba. Binti, miezi 5. Amekufa kwa kuishiwa nguvu, baada ya kuhara kulikomwanza siku 4 kabla. Kipindupindu hakikutajwa. Ndiyo maana walinipita. Mimi siwezi kupiga kelele. Mimi hungoja kusomwa."

Hamisi, lete vidole. Binti alikufa tarehe 2 Septemba. Rudi nyuma siku nne. Tarehe 1. Tarehe 31 Agosti. Tarehe 30. Tarehe 29. Na mtaa ulianza kufa lini?

"Usiku wa tarehe 31!"

Je, mtoto aliugua kabla yao au baada yao?

Mnaona? Kwa tarehe ya kufa, alikuwa mmoja tu kati ya mamia. Kwa zile siku nne, alikuwa mbele yao. Na nyumba nambari 40 ilikuwa wapi? Pampu ilikuwa mlangoni pake.

Whitehead akaenda kwa mama wa mtoto. Mama huyo, maskini, akamweleza. Nepi za mwanawe aliziloweka kwenye ndoo, na maji mengine akayamwaga kwenye shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Ni nani asiyemwaga maji ya kufulia? Hakufanya kosa lolote. Wakalifukua shimo. Matofali yake yalikuwa yameoza, maji yanapenya. Kati ya shimo na kisima palikuwa na kama sentimita 80 tu. Ni hatua moja ya Zuhura. Mtungi mchafu ulikuwa ukivuja ndani ya mtungi wa kunywa.

Kuna jambo jingine linalonisisimua mwili kila nikilikumbuka. Baba wa mtoto yule alikuwa askari polisi. Naye aliugua. Lini? Tarehe 8 Septemba, siku ile ile mpini uling'olewa. Maji ya kufulia nguo zake yakamwagwa kwenye shimo lile lile. Naye alikufa. Kisima kikatiwa sumu mara ya pili, ila safari hii hapakuwa na mpini wa kuchotea. Kwa hiyo, Zuhura, makofi yako ya mwanzo hayakupotea bure. Yalipigwa tu mahali pasipo pake.

"Na yule mchagua mchele, Mjomba?"

Farr? Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London, kikaua maelfu upande wa mashariki. Farr akatazama taarifa zake. Waliokufa walikuwa wamekusanyika mahali palipopata maji ya kampuni moja. Naye akasema, ni maji. Snow hakulisikia ungamo hilo, alishafariki mwaka 1858. Baada ya hapo ndipo daktari mmoja aliyekaa Zanzibar, James Christie, alipofuatilia kipindupindu cha huku kwetu, bandari kwa bandari, msafara kwa msafara. Akakichapishia kitabu mwaka 1876. Hiyo nitawasimulia siku nyingine, maana naona Hamisi anasinzia.

Zuhura hakuwa anasinzia. Alikuwa amekunja kipaji. "Mjomba, huyo mtoto, jina lake nani?"

Taarifa ya wiki haikuweka jina. Iliandika binti, basi. Lakini msajili katika daftari lake aliuliza kama alivyouliza kwa wote. Nani? Jina likaandikwa, nalo lipo mpaka leo. Alikuwa Frances. Frances Lewis.

Zuhura akashuka barazani, akaokota kijiti, akaliandika mchangani, herufi kubwa kubwa. Kisha akaniuliza kama Frances iko na s moja au mbili.